Muhuri Ambao Sikuwahi Kuushika

"Vua hivyo viatu. Leo huendi kazini wala huendi popote."

"Mama, nitachelewa."

"Chelewa. Chelewa mpaka jioni. Kwani ni nani aliyekutuma ukamwokoe? Ni shangazi yako? Mmenyonya ziwa moja?"

Aliyesimama mlangoni, mikono ameitandaza kama kuku mwenye vifaranga, ni binti yangu, mshonaji wa sare za shule, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni. Aliyeinama kufunga kamba za viatu ni binti yake, yaani mjukuu wangu, mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili chuoni. Mimi nilikuwa kwenye kigoda katikati yao, nimenyamaza. Wanaonijua wakisikia kwamba nilinyamaza watauliza nilizikwa saa ngapi. Lakini nilinyamaza, maana ugomvi ule wote niliupika mimi, na mpishi hana haki ya kulalamika kwamba chakula kimeungua.

"Mama, sema kitu basi," binti yangu akanigeukia. "Mwambie mjukuu wako. Si wewe ndiye uliyetufikisha hapa?"

Nikasema tu kwamba ilikuwa saa mbili na robo, na saa nne haimngoji mtu.

Saa nne ndiyo iliyokuwa inatuua. Saa nne asubuhi ile mwanamke mmoja, ambaye hata mmoja wetu hakuwahi kumwona kwa macho, angeletwa mbele ya kamera na tajiri wake aungame kosa ambalo hakulifanya. Kosa lenyewe lilikuwa langu.

Nieleze tangu mwanzo, na nitaeleza bila chumvi, jambo ambalo sijalifanya tangu niote meno. Mimi ni yule ambaye aliwahi kumzaba mamba kibao mpaka mamba akaomba radhi. Mwaka niliozaliwa mvua ilinyesha kiasi kwamba samaki walikuwa wanabisha hodi milangoni kuuliza njia. Hayo ni mapambo, na wajukuu zangu wote wamelala usingizi mzuri juu yake. Haya ya leo hayana pambo.

Huyu mjukuu tunamwita Kinyonga. Jina nilimpa mimi, kwa jinsi alivyojifunza kutembea: anainua mguu, anaupeleka mbele, anaurudisha, anafikiri, anaupeleka tena. Wenzake walikuwa wanakimbia, yeye bado anajadiliana na sakafu. Amekua hivyo hivyo. Radi ikipiga anahesabu watu wa nyumbani kama wametimia. Akivuka barabara anatazama kulia, kushoto, tena juu. Nilipomuuliza kwa nini mtu mwoga kama yeye achague kazi ya kuwafuata watu na kamera, alinijibu kitu ambacho sijakisahau: "Bibi, anayeuliza haulizwi." Ndiyo kusema, alikuwa ametafuta kazi yenye mahali pa kujificha.

Chuo chao kina sharti. Likizo ndefu ya mwaka wa pili, wiki nane, kila mwanafunzi aende akajifunze kazi mahali penye kazi, arudi na barua ya mkubwa wa pale. Hakuna barua, hakuna mwaka wa tatu. Kinyonga akapata nafasi kwenye kituo cha televisheni cha hapa mjini.

Msidhani ni jumba. Kipo juu ya duka la matairi, vyumba vitatu na choo. Kuta za studio wamezibandika sponji za magodoro ili sauti isirudi, na kituo chenyewe ni kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha habari, msomaji wa hali ya hewa anamwombea afya hewani. Mkubwa wa habari wanamwita Mkasi, kwa sababu hakuna sentensi ya mtu ambayo hajaikata katikati. Mtu mwembamba, shati limechomekwa vizuri, anakunywa chai iliyopoa kwa sababu kila akiinua kikombe kuna jambo.

Wiki ya kwanza walimfundisha kukunja nyaya. Nilicheka mpaka nikakohoa: msichana amesoma miaka kumi na minne, anafundishwa kukunja waya! Akanieleza kwamba waya wa kamera ukiukunja vibaya unakatika ndani kwa ndani, na nje huoni kitu. Wiki ya pili wakamkabidhi dawati la simu. Umeme umekatika, mbuzi amepotea, maji yanapita barabarani, wote wanampigia yeye. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepiga kila siku kulalamika kwamba mtangazaji wa kike hamwangalii yeye, anaangalia pembeni. Kinyonga aliandika yote kwenye daftari, hata la yule mzee.

Wiki ya tatu akapiga dereva wa lori.

Dereva hakutaja jina. Alisema anapeleka mizigo kwenye ghala moja la maziwa ya unga, yale ya watoto wachanga. Magunia yanaingia ghalani yamepitwa na tarehe, pakiti zinatoka zina tarehe mpya. Yeye amepeleka safari sita kwa mkono wake, na juzi mkewe amejifungua, na sasa halali. Mkasi aliposikia hivyo aliweka kikombe chini. Akamwagiza Kinyonga amlete dereva Alhamisi, wamkalishe gizani, uso usionekane, sauti ibadilishwe. Dereva akakubali. Siku hiyo hiyo kituo kikaanza kutangaza kila baada ya nusu saa: Ijumaa saa mbili usiku, shahidi afichua.

Alhamisi asubuhi simu ya dereva ikawa imezimwa, na haijawashwa mpaka leo.

Mkasi hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba tangazo limeshakwenda, na watu wanasubiri. "Saa kumi nataka mahojiano mezani kwangu. Ukikosa, hiyo barua ya chuo jiandikie mwenyewe."

Akaja nyumbani mchana ule na kamera ndogo ya kituo kwenye mfuko wa sokoni, akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Hakulia. Kinyonga akiogopa sana halii, anakuwa wa rangi ya jivu na anaongea polepole kama anayesoma. Alinisomea maneno ya dereva kutoka kwenye daftari, yote, na mimi moyo ukaniuma kwa ajili ya wale watoto, na ukaniuma zaidi kwa ajili ya huyu wangu. Nikamwambia maneno tunayo, ya kweli tupu, kinachokosekana ni kivuli cha kuyasema. Na kivuli si mimi hapa?

Alikataa mara tatu. Mara ya nne alitazama saa.

Tukaingia stoo, mama yake anakoweka majora ya vitambaa. Nikakaa kwenye kiti, mgongo dirishani, jua likanipiga kisogoni. Kwenye kioo cha kamera nikawa kitu cheusi chenye mtandio. Nikasema maneno ya dereva, moja baada ya jingine, magunia, pakiti, safari sita. Nilisema vizuri. Ningeishia hapo, leo ningekuwa nalala.

Lakini Kinyonga alikuwa na orodha yake ya maswali, na swali la mwisho lilikuwa: wewe umeyajuaje haya?

Dereva angejibu kwamba anaendesha lori. Mimi kivuli changu kilikuwa na mtandio na mabega ya mwanamke. Nikisema naendesha lori nani ataamini? Nilitafuta kazi ya kike ya humo ghalani kwa muda wa kupepesa jicho, na ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa jibu, ukalipata. Nikanyoosha mkono huu wa kulia, nikasema: "Kwa sababu muhuri naushika mimi. Tarehe mpya zote zimepigwa na mkono huu." Na nikalia. Machozi ya kweli kabisa, sijui yalitoka wapi, labda yalikuwa ya msiba mwingine yaliyosahauliwa.

Kinyonga alizima kamera. Akaniuliza hilo la muhuri limetoka wapi. Nikamwambia ni bizari tu, mchuzi mtupu hauliki. Niliwaza kwamba ghala kubwa vile lina wapiga muhuri thelathini, nani atahesabu?

Ijumaa saa mbili usiku tuliangalia wote, binti yangu ameacha cherehani. Kompyuta ilikuwa imeinyonga sauti yangu, ikawa nzito kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Jirani alikuja kusema huyo mama ana ujasiri. Mimi nikasema kweli, si wa kawaida, na nikajiongezea mchuzi. Hapo hapo maafisa wa afya wakatangaza kwamba Alhamisi inayofuata wangeenda kulikagua ghala. Mkasi alimwambia Kinyonga "vizuri", neno ambalo wenzake wanasema hawajalisikia tangu kituo kifunguliwe. Mtoto aliingia nyumbani anatembea kama mtu mwenye haki ya kutembea.

Jumatatu, saa tatu na dakika chache, simu ya dawati ikalia.

Alikuwa mwanamke, anaongea chini chini. Alisema yeye ni jirani wa Mama Pacha. Kinyonga akauliza Mama Pacha ni nani. Yule akasema: "Dada, msinifanyie hivyo. Ghala lile lina mpiga muhuri mmoja. Mmoja tu. Uso wake mliuficha, mkasahau kuificha kazi yake."

Halafu akaeleza. Jumamosi alfajiri gari la kampuni lilikuja kumchukua Mama Pacha nyumbani, jambo ambalo halijawahi kutokea, siku zote anakwenda kwa miguu. Hakurudi Jumamosi, hakurudi Jumapili. Jirani alikwenda getini, mlinzi akamwambia mama huyo yupo ndani, anasaidia ofisi kwenye uchunguzi, na asirudi tena kuuliza. Polisi nao wakamwambia asubiri, mtu mzima hapotei kwa siku mbili. Mapacha wana miaka minne, wako kwa huyo jirani. "Wananiuliza mama yao kaenda wapi," alisema. "Nyinyi mnaojua kila kitu, niambieni niwajibu nini."

Simu ikakatika. Kinyonga aliandika kwenye daftari, saa na jina, kama alivyofundishwa. Halafu akaja akaniambia mimi peke yangu.

Katika maisha yangu nimeogopa mambo mawili matatu, na yote nimeyageuza hadithi. Hofu hii haikugeuka. Nilikuwa nikiangalia mkono wangu wa kulia, huu uliosema unashika muhuri, nikauficha chini ya mto. Msiniulize kwa nini. Kinyonga naye alikaa chini, mgongo kwenye kitanda changu, tukasikiliza cherehani ya mama yake chumba cha mbele. Hatukumwambia. Tulidhani kukipambazuka patakuwa na njia.

Jumanne kulipambazuka na gari jeupe. Lilisimama ng'ambo ya mlango wetu, vioo vyeusi, injini inaunguruma. Saa mbili, saa tatu, lipo. Saa tatu na nusu akashuka mwanamume mmoja nadhifu, na suruali mkononi, akaingia dukani kwa binti yangu akaomba ipunguzwe upindo. Binti yangu akapiga magoti kumpima. Mtu mwenyewe hakuwa anaangalia suruali. Anaangalia ukutani, tulikotundika picha: Kinyonga na joho la sekondari, Kinyonga na kitambulisho cha kituo kifuani.

"Huyu ndiye yule wa televisheni?" aliuliza.

Binti yangu, na fahari ya mama, akasema ndiye.

"Mwambie anajua kuuliza maswali." Akaiacha suruali, hakuacha jina, hakusema atarudi lini. Ipo mpaka sasa, imening'inia msumarini, na hakuna mtu nyumbani anayethubutu kuigusa.

Hapo ndipo tukalazimika kumwambia mama yake yote. Hakutupigia kelele. Alikaa kitako, akachomoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, na zilipokwisha akaniuliza kama nimemaliza maisha ya nyumba hii au bado nina hadithi nyingine.

Na hiyo siyo iliyokuwa habari mbaya zaidi ya siku. Alasiri Kinyonga alirudi toka kituoni akiwa na nyingine. Tajiri wa ghala alikuwa amempigia Mkasi. Alisema kwa upole sana kwamba anaomba haki yake ya kujibu. Jumatano, saa nne, kipindi cha asubuhi, moja kwa moja hewani, atakuja na mfanyakazi wake, na mfanyakazi ataeleza mwenyewe jinsi kituo kilivyomfundisha uongo.

Mkasi alifurahi. Lazima mwelewe: Mkasi hakujua; siku ile Kinyonga alimwambia tu kwamba dereva amekosekana, amepata shahidi mwingine wa ghalani. Yeye aliamini Mama Pacha ndiye shahidi wetu, amebanwa, anakana. Alimwambia Kinyonga alete ile kadi ya kamera yenye sauti halisi, kabla kompyuta haijaibadilisha. "Akikana mbele yangu, namwekea sauti yake mwenyewe masikioni. Nione atakana vipi." Kinyonga akajibu sawa bosi.

Kwa hiyo hesabu ya Mama Pacha ilikuwa hivi. Akisema alidanganya, amejitia kitanzi kwa mdomo wake, na tajiri anamkabidhi polisi. Akikataa kusema, anarudishwa kwenye lile gari. Na akisema ukweli, kwamba hajawahi kutuona wala kutujua, hakuna upande utakaomwamini. Njia ya kutoka ilikuwa moja, na ilikuwa inakaa kwenye kigoda katikati ya binti yangu na mjukuu wangu, inatazama saa.

Sasa tumerudi pale mlangoni, saa mbili na robo.

Binti yangu alikuwa na sababu zake, na hazikuwa za kijinga. Alisema kwa ajili ya ile barua ya chuo ameshona sare mia mbili za kulipa ada. Alisema kesho ukaguzi utafanyika, ghala litafungwa, huyo mwanamke atatoka mwenyewe. Kwa nini tusisubiri siku moja? Kinyonga akamjibu kwamba siku moja ni ndefu kwa mtu aliye mle ndani. Alisema hivyo huku ameangalia kamba za viatu.

"Na wewe ukiingia mle ndani?" mama yake akauliza. "Yule mwanamume nimempima mguu, mwanangu. Nimemshika kifundo. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mtu asiye na haraka ndiye wa kuogopwa."

Nikainuka. Nikasema uongo una mama yake, na mama mwenyewe ni mimi. Mtoto huyu ananionyesha tu njia kwa sababu sijui kusoma vibao. Kosa la mdomo wangu haliwezi kusemwa na mdomo mwingine.

"Na mkifa wote wawili mimi nimshonee nani?"

Binti yangu akanitazama akisubiri nitie mzaha, kama kawaida yangu, na nilipokosa ndipo akaogopa kweli. Akaondoka mlangoni. Akaenda akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga bila kitambaa, sindano inachoma hewa, na mlio huo tuliusikia mpaka kona.

Gari jeupe lilituacha tutangulie hatua ishirini, halafu likaanza kuja nyuma yetu, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Siku nyingine ningegonga kioo nikaomba lifti, nikamwambia dereva ana macho ya ng'ombe wa mjomba wangu. Nilitaka hata kugeuka. Shingo ilikataa. Kinyonga alinishika kiwiko, tukapita duka la dawa, tukapita kituo cha mafuta, na kila nilipotaka kukimbia aliniambia polepole, Bibi, polepole, wakituona tunakimbia watajua. Sijui wangejua nini. Tayari walikuwa wanajua tunapokaa.

Duka la matairi lilikuwa wazi. Gari jeupe likasimama mbele yake kama mteja.

Mkasi alikuwa studio, anapanga viti: cha tajiri, cha mfanyakazi, chake. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Akaniamkia kwa heshima, shikamoo bibi, akamuuliza Kinyonga kadi iko wapi na mimi nimeletwa kwa kazi gani. Kinyonga akafungua mdomo. Niliona maneno yanafika kooni mwake na kurudi, yanafika na kurudi, kama ule mguu wake wa utotoni. Nikataka kumsaidia. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Bosi, sauti iliyomo kwenye kadi si ya Mama Pacha," alisema. "Ni ya huyu. Ni bibi yangu. Hajawahi kufika ghalani. Maneno ni ya dereva, yale ya muhuri ni ya kubuni. Mama Pacha hajasema neno lolote kwa mtu yeyote."

Mkasi akatafuta kiti nyuma yake kwa mkono. Alikaa kwenye kile cha tajiri. Halafu akauliza ni nani mwingine anajua. Akaenda akafunga mlango.

Nilidhani angetufukuza. Badala yake alianza kuongea taratibu, na hapo ndipo nilipomwogopa, maana alichosema kilikuwa na akili. Alisema maziwa yale ni mabaya kweli, sivyo? Dereva hakudanganya. Basi kesho maafisa wanakwenda. Leo huyu bibi akikaa hapa akasema moja ni uongo, nani ataamini yale tisa ya kweli? Ukaguzi utaahirishwa asubuhi hii hii, na kesho kutwa ghala litakuwa limefagiliwa, safi kama sahani. "Kuna watoto wanakunywa ule unga sasa hivi tunavyoongea. Watoto wangapi mnawapima kwa mwanamke mmoja?"

Sikusoma shule, lakini swali hilo nililisikia linavyoingia, kama kisu kinavyotafuta kiungo. Nikamtazama mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyekuwa amejifunza maswali.

"Sijui kupima," Kinyonga alisema. "Najua tu kwamba dereva alikimbia kwa sababu aliogopa, na sisi tukamtafutia mtu wa kuogopa badala yake."

Mkasi akasema atapoteza kituo. Akasema na yeye Kinyonga asahau chuo, si barua tu, chuo chenyewe, kwa maana atawaandikia. Kinyonga akasema sawa. Alikuwa wa rangi ya jivu mpaka midomo. Akanishika bega akanikalisha kwenye kiti cha mfanyakazi, akanibana kile kipaza sauti, kidogo kama njugu, kwenye mtandio. Akaenda ukutani akawasha taa.

Siku ile stoo jua lilikuwa nyuma yangu. Taa hii ilikuwa mbele, na haina adabu; nilihisi inahesabu makunyanzi yangu. Mkasi anasema zima, binti, nimekwambia zima, lakini anasema akiwa amekaa. Huko chini tukasikia milango ya gari inafungwa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Ilikuwa bado nusu saa, tajiri amewahi.

Kinyonga akasimama nyuma ya kamera kubwa, ile ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kuigusa. Taa ndogo nyekundu, ya kuonyesha kwamba inarekodi, ikawaka juu yake.

"Bibi," alisema, "wewe ni nani, kazi yako, na ulichokifanya. Bila pambo."

Ngazi zikaanza kulia. Viatu vigumu vya watu wawili, na katikati yake kitu laini, kinachoburuzika. Mkasi akageukia mlango. Hadithi zangu zote, mamba, mvua, samaki, ziliniacha nimekaa peke yangu.

"Mimi ni bibi wa huyu msichana," nikasema. "Kazi yangu ni kukaa nyumbani. Ijumaa mlimwona mtu gizani hapa, mkalia naye. Mtu yule ni mimi. Ghala lile sijui hata mlango wake unatazama wapi. Mwanamke anayepiga muhuri hakuniambia kitu, hanijui, simjui. Aliyemtia matatani ni—"

Mlango wa studio ukasukumwa.

Aliingia mwanamke mfupi, mnene kidogo, amevaa koti la kazi la bluu, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Wino wa zambarau wa muhuri ulikuwa umemwingia kwenye vidole mpaka chini ya kucha. Nyuma yake ilikuja harufu ya manukato ya mwanamume. Akatazama taa, akatazama kamera, akatazama kile kiti alichoambiwa ni chake, akanikuta mimi nimekikalia.